Kazi Iliyo Nyuma ya Pembe ya Ng'ombe

Mwezi Februari 2022, Baraza la Wabunge la Italia lilifuta maneno machache katika muswada wa sheria ya kilimo hai, na kwa kufanya hivyo likakinyima kilimo cha bayodinamiki, yaani kilimo hai kinachoongezea dawa za pembe ya ng'ombe na kalenda ya mwezi, nafasi ya kutajwa kisheria kuwa sawa na kilimo hai. Muswada huohuo ulikuwa umepita Seneti mwezi Mei 2021 karibu bila upinzani, isipokuwa kura ya mwanasayansi Elena Cattaneo, seneta wa maisha, aliyeona kwamba dola haipaswi kuweka imani ya kimafumbo kwenye mizani moja na elimu iliyopimwa. Giorgio Parisi, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2021, naye alipaza sauti upande huo, na hatimaye sheria namba 23 ya mwaka 2022 ikatoka bila neno lile. Kwa maoni yangu Bunge lilifanya sawa. Lakini tangu wakati huo nimewasikia watu wengi, baadhi yao wasiowahi kushika mkasi wa kupogolea, wakiyacheka mashamba yenyewe, hasa yale madogo ya mizabibu yanayoendeshwa na familia moja, kana kwamba kasoro ya nadharia imefuta na kazi ya mikono. Kicheko hicho kinaniuma, na ndicho kilichonifanya niandike.

Nadharia yenyewe ilitolewa mwezi Juni 1924, pale Rudolf Steiner, mwanafalsafa wa Austria ambaye hakuwa mkulima, alipotoa mihadhara minane katika shamba kubwa la Koberwitz, ambako leo ni Poland, kwa ombi la wakulima waliohofia kwamba udongo, mbegu na mifugo yao vilikuwa vikidhoofika mwaka hadi mwaka. Mwaka 1928 jina Demeter lilisajiliwa kuwa nembo ya mazao ya kilimo hicho, na hadi leo ndilo linaloonekana kwenye chupa za mvinyo wake. Dawa yake mashuhuri huitwa kwa namba tu, 500: samadi ya ng'ombe hushindiliwa ndani ya pembe ya ng'ombe jike, pembe hufukiwa ardhini majira yote ya baridi, na inapofukuliwa, konzi ya samadi hiyo, ambayo sasa haina tena harufu ya zizi bali ya udongo wa msituni, hutiwa kwenye pipa la maji na kukorogwa kwa saa nzima, upande mmoja hadi maji yazame katikati, kisha upande wa pili, ndipo yanyunyizwe shambani. Zipo nyingine, za mawe ya quartz yaliyosagwa na za mitishamba, na ipo kalenda inayofuata mwendo wa mwezi.

Siamini kwamba pembe hukusanya nguvu za anga, na sijaona jaribio lililonishawishi. Ninachokiamini ni kwamba mtu aliyekoroga pipa kwa saa nzima, kisha akapita kila mstari wa mizabibu yake akiwa na bomba mgongoni, ameliona shamba lake lote siku hiyo. Ameliona jani lenye doa la njano kama tone la mafuta, ambalo ni dalili ya kwanza ya ubwiri vinyoya; ameona mahali maji yalipotuama na mahali majani ya kunde yalipoota hafifu kati ya mistari. Anayepita juu ya trekta kubwa, akiwa na hekta mia moja za kumaliza kabla ya jua kuzama, hayaoni hayo.

Wengi hushangaa kwamba mafundisho hayo, yaliyozaliwa mbali kaskazini, yalipata masikio katika vilima vya Italia ya kati. Mimi sishangai ninapoikumbuka mezzadria, ule mfumo wa nusu kwa nusu ambamo familia ya wakulima ililima ardhi ya bwana na kumgawia nusu ya mazao. Ulikuwa mfumo wa dhuluma, na sheria namba 756 ya Septemba 1964, iliyopiga marufuku mikataba mipya ya aina hiyo, ilikuja kwa kuchelewa mno. Hata hivyo, mashamba yale yalikuwa na kitu ambacho baadaye kilikosekana: ng'ombe wa kulimia, ngano, mizeituni, kuku, na mizabibu ambayo mara nyingi ilipandishwa juu ya miti, vyote kwenye kipande kimoja cha ardhi, huku samadi ya zizi ikirudi kwenye udongo uleule uliootesha majani. Familia zilipohamia viwandani, Torino na Milano, Ubelgiji na Ujerumani, ng'ombe waliuzwa, na nafasi yao ikachukuliwa na mbolea ya mfuko na dawa ya magugu, na shamba likawa mizabibu mitupu kutoka mpaka hadi mpaka. Katika yote aliyosema Steiner, lenye maana kubwa kuliko mengine ni kwamba shamba ni mwili mmoja unaopaswa kujilisha, wenye wanyama na mimea ya aina nyingi, na hilo mzee wa Toscana au Abruzzo asingehitaji kufundishwa na mtu yeyote.

Mfano ninaoupenda ni wa familia ya Pepe, katika kijiji cha Torano Nuovo, mkoani Teramo, kwenye vilima vya Abruzzo vilivyo kati ya Bahari ya Adriatiki na mlima Gran Sasso. Emidio Pepe alianza kutia mvinyo kwenye chupa zenye jina lake mwaka 1964, katika eneo ambalo zabibu za Montepulciano na Trebbiano zilihesabiwa kuwa za mvinyo wa bei rahisi wa kuuzwa kwa wingi, naye akashikilia kwamba mvinyo huo unaweza kukaa miongo mingi bila kuharibika. Zabibu nyeupe za Trebbiano hukanyagwa kwa miguu ndani ya beseni la mbao. Zile nyeusi za Montepulciano hutenganishwa na vikonyo vyake kwa mikono, zikisuguliwa juu ya wavu, kichala baada ya kichala. Mvinyo huchachuka kwa hamira iliyomo kwenye ngozi ya zabibu yenyewe, ndani ya matangi ya saruji yaliyopakwa kioo ndani, kisha huingia kwenye chupa bila kuchujwa na kulazwa miaka mingi chini ya nyumba. Mashapo yanayoshuka ndani ya chupa hayakuachwa kuwa tatizo la mnunuzi: kabla ya mvinyo wa miaka mingi kuuzwa, chupa hufunguliwa moja moja na mvinyo safi humiminwa kwa mkono katika chupa mpya.

Familia hiyo iliingia rasmi katika bayodinamiki miaka ya 2000, yaani baada ya takriban miaka arobaini ya kufanya kazi kwa namna hiyo. Mpangilio huo wa miaka unanieleza mengi. Ukali wa kazi ulitangulia na nembo ikafuata, na kazi hiyo imepitia mikononi mwa binti zake Daniela na Sofia hadi kwa mjukuu wake Chiara, ambaye sasa ndiye anayesimamia mvinyo. Mizabibu ya kwao mingi imepandishwa kwenye vichanja virefu kuliko kimo cha mtu, mtindo ambao kwa miaka mingi wataalamu waliudharau kwa kuwa mashine haipiti kwa urahisi na mavuno yake huwa mengi mno yasipodhibitiwa. Leo, joto linapozidi, paa lile la majani linalotia vichala kivuli limeanza kutazamwa kwa jicho jingine.

Nilikulia Dodoma, mahali ambapo mizabibu iliingia kwa mikono ya wamisionari Wakatoliki na ambapo mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka. Nilipohamia kaskazini mwa Italia, jambo lililonichukua muda kulizoea ni kwamba hapa mavuno ni mamoja tu, Septemba au Oktoba, na yakipotea, familia husubiri miezi kumi na miwili. Kwa hiyo nilielewa kwa uchungu kilichotokea mwaka 2023. Mvua zilinyesha Mei na Juni karibu bila kupumzika, ubwiri vinyoya ukaenea, na mavuno ya Italia yote yakapungua kwa zaidi ya asilimia 20, huku Abruzzo ikiwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Ugonjwa huo ulifika Ulaya kutoka Marekani mwaka 1878, na mkulima wa kilimo hai au wa bayodinamiki bado anapigana nao kwa silaha za karne ile ya 19: mrututu, ambao ni chumvi ya shaba, na chokaa. Dawa za kisasa zinazoingia ndani ya mmea haruhusiwi kuzigusa, na shaba inayokaa juu ya jani huoshwa na mvua, hivyo kila baada ya mvua lazima arudi kunyunyiza, iwe Jumapili au usiku. Katika mwaka kama ule, mashamba mengi yalipoteza zabibu kwa sababu udongo ulikuwa tope na trekta haikuweza kuingia siku iliyohitajika.

Hapo ndipo watetezi wa bayodinamiki wanapopaswa kuwa wakweli kuliko wanavyokuwa kwa kawaida. Shaba ni metali nzito. Haiozi, hubaki kwenye udongo na kuwadhuru minyoo wanaosifiwa katika kila maelezo ya shamba. Umoja wa Ulaya, tangu 2019, umeweka ukomo wa kilo 28 kwa hekta katika miaka saba, na ninaamini ukomo huo ni wa haki, ingawa ninajua kwamba kwa familia yenye hekta kumi na kadhaa unaweza kuamua kama watavuna au hawatavuna. Mtu akiniambia kwamba shamba lake halitumii kemikali yoyote, huwa namwuliza kuhusu mrututu.

Kwa upande wa ushahidi, jaribio ninaloliheshimu zaidi linafanyika Therwil, karibu na Basel, Uswisi, ambako tangu 1978 mashamba ya bayodinamiki, ya kilimo hai na ya kawaida yanalimwa kando kwa kando. Matokeo ya miaka 21, yaliyochapishwa mwaka 2002, yalionyesha kwamba mavuno ya bayodinamiki na ya kilimo hai yalikuwa pungufu kwa asilimia 20 kuliko ya kilimo cha kawaida, lakini mbolea na nishati vilipungua kwa asilimia 34 hadi 53, na dawa za kuua wadudu na magonjwa kwa asilimia 97, huku udongo ukiwa na uhai mwingi zaidi. Mazao yale yalikuwa ngano, viazi na mengine ya aina hiyo, wala si zabibu, na jaribio halikutenganisha kazi ya pembe na kazi ya mboji. Kwenye mizabibu, jaribio la Geisenheim, Ujerumani, lililoanza 2006, halikupata tofauti kubwa kati ya bayodinamiki na kilimo hai cha kawaida. Mimi natosheka na mboji.

Jambo linalonisumbua kuliko pembe na mwezi ni mikono. Kilimo cha namna hii hula saa nyingi za kazi, na familia peke yake haiwezi kuvuna. Italia inajua vizuri kile kinachoweza kutokea hapo: Julai 2015, huko Andria, Puglia, mwanamke alifariki akiwa kazini katika shamba la zabibu, akipunguza punje kwa ujira mdogo aliopewa kupitia watu wa kati, na kifo chake kilichangia kuzaliwa kwa sheria namba 199 ya mwaka 2016 dhidi ya unyonyaji wa vibarua. Wavunaji wengi leo ni wahamiaji, wakiwemo Waafrika wenzangu. Mnunuzi anayelipa bei kubwa kwa sababu minyoo wa ardhini wametunzwa ana haki, na ninathubutu kusema ana wajibu, wa kutaka kujua kama waliokata vichala walikuwa na mkataba, kivuli na maji ya kunywa.

Ndiyo maana sioni kosa katika bei ya chupa ya shamba dogo, hata ninaposhindwa kuimudu, ilimradi bei hiyo imewafikia watu. Katika duka ninakonunua, swali langu ni moja: nani alivuna zabibu hizi? Kwa mvinyo wa mashamba ya familia muuzaji mara nyingi hunitajia mtu kwa jina, akanieleza ni binti wa nani na kwamba wavunaji wao hurudi walewale kila Septemba. Kwa chupa nyingine, zikiwemo zenye nembo nzuri ya Demeter, huigeuza chupa na kunisomea kilichoandikwa nyuma yake.