Kisulisuli cha Julai na ubeti wangu

Bunge la bajeti likishafungwa mwishoni mwa Juni, Dodoma hupumua. Waheshimiwa hurudi majimboni, gesti zinabaki na vyumba, na sisi wenyeji tunaachiwa baridi na upepo. Watu wa pwani huwaambii kitu kuhusu baridi ya Dodoma. Waje walale Nkuhungu mwezi Julai bila blanketi. Tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku hakuna wingu la kuzuia joto lisipae. Alfajiri maji ya bomba yanauma meno.

Wagogo wa zamani hawakugombana na kipupwe. Uwele na mtama umeshaingia kwenye vihenge, shamba halidai kitu mpaka mvua za Novemba au Desemba, basi watu waliota moto na kukuna zeze. Hata mbuyu unapukutisha majani na kutulia. Nami nikachukua likizo ya Julai, nikawatangazia wapangaji wenzangu: mwezi huu mtu asinisumbue, napumzika na kutunga mashairi.

Sasa mimi ni kapera, na kitu cha kwanza kilichonigusa moyo msimu huo kilikuwa blanketi. La mtumba, nililinunua Sabasaba: zito, rangi ya ugoro, pembeni lina alama ya pasi. Nikalitungia ubeti. Nilikaa uani kwenye kigoda, karatasi nimezikandamiza kwa kikombe cha chai. Niliponyanyua kikombe ninywe, kisulisuli kikapita. Hakibishi hodi kile. Kilizoa beseni, kandambili moja na fasihi yangu yote.

Jioni akaja jirani. Hakusema hata “mbukwa”, salamu ya Kigogo. Mkononi ana karatasi iliyochanika chini, akaisoma kwa sauti mpaka wapangaji wakatoka nje:

Njoo laazizi wangu, baridi imenizidi,
Unifunike mwenzangu, upepo ukishitadi,
Ulale mwilini mwangu, mpaka jua lirudi...

“Nimeikuta imenasa kwenye kanga ya mke wangu, kambani. Nani huyo alale mwilini mwako, kijana?”

“Blanketi, mzee.”

Nilisikia mwenyewe jibu lilivyokaa vibaya.

Mshororo wa nne ndio ungeniokoa, na ndio uliochanika. Tukaenda kwa mjumbe, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mimi na kielelezo changu begani, mke wa jirani nyuma yetu kajitanda kanga ileile. Watoto wa mtaa wakatumwa na tochi za simu. Kipande walikikuta kwenye michongoma, kimetobolewa na miba lakini kinasomeka.

Mjumbe akavaa miwani. “Blanketi la Sabasaba, mwingine kwangu hazidi.” Akahesabu mizani kwa vidole, akarudia. Nikajua nimepona.

“Kina cha kati umekitupa wapi?” akauliza. “Mishororo mitatu ‘ngu’, huu ‘ba’.”

“Mshororo wa mwisho ni kituo, Mwalimu. Si kinaruhusiwa?”

“Tuseme kinaruhusiwa. Lakini juu ‘imenizidi’, chini ‘hazidi’. Ubeti mmoja! Huo ni ufukara wa maneno.” Akachomoa kalamu nyekundu mfukoni (amestaafu, kalamu haijastaafu), akaandika 11/20.

Jirani akauliza kama kwa alama hizo nina hatia au sina.

Mkewe, aliyekuwa kimya muda wote, akaomba aletewe blanketi. Akalipapasa, akalinusa, akakagua ile alama ya pasi. “Kwa hiyo laazizi ni hili?”

“Ndiyo, mama.”

Akamgeukia mumewe, akamtazama kuanzia kandambili hadi kofia. Kisha akajifunga kanga vizuri, akatangulia nyumbani peke yake.

Asubuhi, jua halijapata nguvu, nikasikia mlango unagongwa, na safari hii mbukwa imekuja kamili. Jirani alikuwa na mfuko wa ubuyu. Alitaka beti tatu, jina la mkewe kwenye kila kituo, na vina vyote vikamilike, cha kati na cha mwisho.

“Halafu mwandiko,” akaninong’oneza, akitazama nyuma, “ufanane na wangu.”