Rugezi na deni la waliotoka bondeni

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba bonde lenye maji yaliyotuama ni ardhi iliyolala, na kwamba mkulima hodari ni yule anayechimba mfereji, akayatoa maji na kupanda viazi. Nami niliamini hivyo hadi nilipoanza kufuatilia habari za Rugezi, kinamasi cha nyanda za juu kaskazini mwa Rwanda, chenye ukubwa wa zaidi ya hekta 6,700.

Maji ya Rugezi huingia Ziwa Burera, kisha hushuka hadi Ziwa Ruhondo kupitia mitambo ya umeme ya Ntaruka, yenye uwezo wa megawati 11.25. Kinamasi kilipokatwa mifereji ili kilimwe, kilishindwa kuhifadhi mvua ya masika na kuiachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Ukame ulichangia, na mitambo nayo ilitumia maji mengi kuliko yaliyoingia ziwani. Hivyo kufikia mwaka 2004 Burera ilikuwa imepungua kiasi kwamba Ntaruka ilizalisha sehemu ndogo tu ya umeme wake, na nchi ikategemea majenereta ya dizeli kwa gharama kubwa.

Siri ya kinamasi cha namna hii imo katika udongo wake mweusi, ambao ni mabaki ya mafunjo yaliyorundikana majini kwa maelfu ya miaka bila kuoza sawasawa. Ukiukamua mkononi, maji huchuruzika kama kwenye sifongo. Ukikauka kwa misimu kadhaa hugeuka vumbi, ardhi hudidimia, na mvua ikirudi haunywi tena kama zamani. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema mifereji inaweza kusubiri kuzibwa.

Rwanda haikusubiri. Kilimo kilisimamishwa bondeni, matuta yakachimbwa kwenye miteremko, mianzi na majani vikapandwa kandokando ili kuzuia mmomonyoko, na mwaka 2005 Rugezi ikaorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu. Maji ya Burera yalipanda tena. Mafunjo nayo yakarudi, na humo huishi ndege mdogo wa kahawia asiyepatikana kwingine ila katika vinamasi vya milima ya ukanda huu.

Nafurahia matokeo hayo kwa moyo wote, lakini furaha yangu ina donge. Waliotakiwa kutoka bondeni ni watu wenye vishamba vidogo mlimani, na pamoja na shamba walinyimwa pia majani ya kulishia mifugo na ya kusukia mikeka. Umeme wa Ntaruka huwaka mbali na nyumba zao. Naona ni haki sehemu ya mapato ya umeme huo iwafikie kila mwaka, wala si fidia ya mara moja, na waruhusiwe kukata majani kwa zamu, upande mmoja wa kinamasi ukipumzika wakati mwingine unakatwa.