Sikuruka Dirishani

Tuanze na hilo maana ndilo linalotembea mjini. Sikuruka dirishani. Dirisha la ofisi yetu lina nondo, na kama kuna mtu amewahi kuona dirisha lisilo na nondo Mbagala, anionyeshe. Yule dada ninayejitolea naye, ambaye tangu juzi simwiti rafiki, ametuma voisi ya dakika 4 kwenye kundi la wenzetu tuliosoma nao mafunzo. Humo amenirusha dirishani, amenitumbukiza mtaroni, na amenipotezea kiatu. Viatu vyangu ninavyo, vyote viwili, nimevivaa hivi sasa. Nimeona afadhali nijivue nguo mwenyewe kuliko kuendelea kuvuliwa.

Walioisikia ile voisi wanyamaze kidogo, wengine nao wasikie.

Mnajua Jumanne na Alhamisi huwa nipo pale kwenye kituo cha msaada wa kisheria. Mshahara hakuna. Nauli ipo, na mratibu akiamka vizuri na soda ipo. Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imetutenganisha vizuri tu. Lakini watu wa kwenye benchi wananiita Wakili, na niseme kweli, sijawahi kuwakatalia kwa nguvu. Nasema "hapana mama, mimi msaidizi tu" kwa sauti ya kuomba nisisikike, huku natoa kalamu mfuko wa shati.

Na Jumanne hiyo nilikuwa wa moto. Asubuhi alikuja kijana aliyeachishwa kazi kiwandani, kumbe yuko siku ya 28, nikamwambia siku ni 30 tu, kimbia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi sasa hivi. Akakimbia kweli, kasahau kofia. Akaja mjane na shemeji zake wanne, mambo ya mirathi, muhtasari wa kikao cha ukoo hawana, na kila shemeji anaapa kikao kilifanyika ila kila mmoja ana kikao chake. Nikawatuliza. Akaja na yule mzee wetu wa kila wiki ambaye mbuzi wa jirani alimlia mchicha mwaka juzi. Tumeshalifunga faili lake mara mbili, yeye hulifungua tena. Ilipofika saa 5 nilikuwa najiona jaji kabisa, bado joho tu.

Ndiyo hali aliyonikuta nayo yule mama.

Aliingia na kikapu, kitenge kimemkaa vizuri, uso umekunjamana kama risiti iliyofuliwa. Nikampa shikamoo, akaitikia "marahaba baba, wewe ndiye wakili?" Nikatoa kalamu.

"Nimedhulumiwa," akasema, akakaa.

Mchezo. Watu 10, elfu 50 kila wiki, kila wiki mmoja anabeba laki 5. Yeye aliomba namba ya mwisho kwa hiari yake, ili zikitoka zitoke kwa pamoja anunue friza auze barafu na juisi. Akatoa wiki zote 10 bila kuchelewa hata siku moja. Wiki ya mwisho kijumbe, yule anayekusanya na kugawa, akamletea laki 2. Kwa nini? Kwa sababu kuna kijana alipewa namba 2, alilia sana kwamba kodi imeisha, akahurumiwa. Akabeba laki 5 zake, akatoa mara 4, halafu akajitoa kundini usiku wa manane. Kijumbe akawa anaziba huku na kule kila wiki, mpaka mashimo yote yakamwangukia mama wa watu kule mwisho. Kijumbe akampa namba ya simu ya kijana: deni lako liko kwa huyu, mfuate.

Ndugu zangu, hapo kuna kitu kilinipitia kisogoni cha baridi. Nikadhani ni feni.

"Unampigia?"

"Siku ya 8 leo. Hapokei."

"Mama," nikasema, na sauti hiyo sijui niliitoa wapi, "huyo si mdaiwa. Huyo ni kupe."

Yule dada akanyanyua kichwa kwenye meza yake, akanitazama kwa heshima. Mara ya mwisho kunitazama hivyo.

Mama alitaka kwenda polisi. Nikamweka sawa: deni ni madai, si jinai, polisi si wakala wa kukusanya madeni. Tunaanza na barua ya kudai, siku 14, akikaidi tunakwenda mahakama ya mwanzo. Ushahidi? Meseji za kundini tunazo, na tangu sheria ya miamala ya kielektroniki ya mwaka 2015 meseji inasimama mahakamani kama karatasi nyingine. Mama akawa anatikisa kichwa, na mimi mtu akinitikisia kichwa huwa siachi. Nikaongeza ambayo hakuniuliza.

"Usikubali danadana za kidogo kidogo. Akileta habari za awamu, aweke dhamana."

"Aweke nini?"

"Mama, watu wa namna hii wana simu kubwa. Kodi hana, deni halipi, lakini simu ya laki na kitu anayo. Auze."

"Auze," mama akarudia, kama anaitikia dua.

"Na tutampigia hapa hapa, kwa simu yako. Akisikia ofisi, atapokea."

Nikaiandika barua. Naomba niisifie kidogo kwa sababu hakuna mwingine atakayeisifia. Ilikuwa barua safi. "Unatakiwa kulipa shilingi 300,000 ndani ya siku 14 bila kukosa, na bila visingizio." Hayo ya visingizio hayamo kwenye mfano wa barua tuliofundishwa, niliyaongeza mwenyewe kwa hasira. Nikaacha nafasi ya jina juu, maana fomu yetu imepangwa hovyo: ukurasa wa kwanza maelezo ya mteja na malalamiko, jina la mlalamikiwa liko ukurasa wa pili. Aliyeipanga vile nikimjua nina neno naye.

Nikafunua ukurasa wa pili.

"Jina la mlalamikiwa?"

"Majina yake matatu nimeyashika kama Fatiha," mama akasema. "Nikiweka namba yake kama namtumia pesa, yanakuja kwenye simu kabla sijabonyeza namba ya siri."

Akataja la kwanza.

Nikaandika. Kwa herufi kubwa, kila herufi ndani ya kisanduku chake. Lilikuwa jina langu. Nikasema moyoni, wajina, umetuaibisha. Ona sasa unavyolichafua jina la watu.

Akataja la pili.

Nikaandika herufi tatu za mwanzo. Ya nne mkono ukawa mzito. Baba yake huyu kijana na baba yangu majina yao yanafanana. Basi, inatokea. Dar es Salaam ina watu wengi. Nikamalizia herufi zilizobaki moja moja, kama mtoto wa chekechea.

Akataja la tatu.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mtu mmoja tu ukoo mzima, na jina lake hajarithishwa mbuzi wala mtu. Sijawahi kulikuta popote isipokuwa kwenye kitambulisho changu na kwenye kaburi lake. Na sasa mama mmoja wa Mbagala, ambaye sijawahi kumwona, analitamka vizuri kuliko shangazi zangu, tena kwa uchungu.

Kalamu ikabaki hewani.

Maana mimi, jamani, nilicheza mchezo. Rafiki wa kazini aliniingiza. Watu wa kundi sikuwafahamu, picha yangu ilikuwa ya simba, na deni lenyewe nilikuwa nimelizika moyoni mpaka juu limeota majani. Kila namba ngeni iliyopiga niliihifadhi tu nisije nikapokea kwa bahati mbaya. Muishike hiyo namna nilivyozihifadhi, inakuja.

"Unamfahamu?" mama akauliza, kaniona nimeganda.

"Hapana mama. Simfahamu."

Yule dada kutoka mezani kwake: "Umesema nani? Mbona kama jina la..."

"Majina yanafanana," nikamkata. "Jina la kawaida sana hilo, huko kwetu lipo kila nyumba."

Mama akafungua kikapu, akatoa kisimu chake. "Haya tumpigie. Si umesema?"

"Mama, wacha kwanza. Mtu mwenyewe ndiyo hatumjui hata alivyo..."

Hapo jogoo akawika.

Wale wa Jumapili mmeshaelewa. Wale wengine niwaeleze tu kwamba mlio wa simu yangu ni jogoo, niliuweka uniamshe nisichelewe kituoni. Na simu yenyewe haikuwa mfukoni ambako ningeibana kimyakimya. Ilikuwa kwenye chaji, kwenye ekstensheni, kwenye meza ya yule dada, uso juu, mwanga umejaa.

Mimi nikaangalia dari. Nikasema, "Jirani anafuga kuku."

Na yule dada, kwa moyo mweupe kabisa, hilo nampa, alikuwa hajui lolote wakati huo, akainama, akasoma kioo kwa sauti ya kutangaza matokeo:

"Kaka, simu yako. USIPOKEE 2 anakupigia."

Feni ilikuwa inazunguka. Kwenye benchi nje mtu alikuwa anamenya chungwa, nilisikia kisu. Mama alikuwa na kisimu sikioni. Akaniangalia. Akakishusha taratibu, akabonyeza kitufe chekundu.

Jogoo akanyamaza.

Akabonyeza kijani. Jogoo akawika.

Akakata. Kimya.

Alirudia mara tatu, jamani. Mara tatu! Mara ya kwanza ungeweza kusema anahakikisha. Ya pili nayo nitamsamehe. Ya tatu ile alikuwa anafurahi. Na mzee wa mbuzi, ambaye hakuwa ameondoka kwa sababu huwa haondoki, akachungulia mlangoni akauliza kama siku hizi tunapokea na kesi za kuku.

Nilisubiri nitukanwe. Wallahi nilikuwa nimejiandaa. Mama akakirudisha kisimu kikapuni, akafunga kikapu, akaweka mikono juu ya meza.

"Wakili," akasema. "Tuendelee. Baada ya jina kinafuata nini?"

Nikaangalia fomu. Sauti imekauka. "Anwani ya mlalamikiwa."

"Hiyo nilikuwa siijui. Andika."

Nikaandika. Nilipofika namba ya nyumba akanyoosha kidole: "Herufi kubwa, ndani ya visanduku." Nikaandika mtaa, nikaandika na alama ya karibu, pale kwenye mwembe na banda la chipsi, kwa sababu mlalamikaji alisisitiza asije akapotea.

Yule dada hapo ndipo alipoelewa. Akaenda kuegemea ukuta, mabega yanatingishika, anajifanya anakohoa. Kwa taarifa yenu, hapo dirishani nilisogea ndiyo. Nilikwenda kupata hewa. Nilishika nondo. Basi.

Yaliyobaki ni mafupi. Faili akachukua dada kwa sababu ya mgongano wa maslahi, somo ambalo kwenye mafunzo nililipata 9 kwa 10. Barua ikajazwa jina, nikasomewa barua yangu mwenyewe mpaka kwenye visingizio, nikasaini chini kama mwandishi na chini zaidi kama mpokeaji, dada shahidi. Nilipojaribu kutaja awamu, mama na dada wote wawili wakageuka kuitazama simu kwenye chaji. Jana nimeiuza Kariakoo, laki 1 na 80, nimemkabidhi mama zote kwa maandishi. Imebaki laki 1 na 20 na siku 12, hesabu inayotoka elfu 10 kwa siku kavu, bila baki, kama vile nayo imekaa ikanipangia. Mratibu amenihamishia chumba cha nyuma kupanga mafaili mpaka nilipe. Soda sijaulizwa. Haya mnayosoma naandika kwa simu ya mdogo wangu, naye yuko mlangoni ananiambia bando linaisha.

Wanaouliza kama nitarudi mezani: sijui, muulizeni mratibu. Wanaouliza kama ile namba ya USIPOKEE 1 ni ya nani: ya kijumbe. USIPOKEE 3 ni mama mwenye nyumba, tusifike huko.

Ila leo nikiwa nyuma ya pazia na mafaili yangu nimemsikia mama kwenye benchi. Alikuja kuchukua nakala yake. Watu wanalalamika foleni haisogei siku hizi, yeye akawa anawaambia: "Mngoje yule kijana mwembamba. Jamani yule anajua kazi. Mimi alinishikia mdaiwa siku hiyo hiyo, kamleta mpaka mezani."

Kimya kidogo. Halafu nikasikia sauti ya mzee wa mbuzi:

"Basi na langu lifunguliwe tena, ashike yeye."