Luwum alibaki, Kivengere alikimbia

Kila 16 Februari Uganda ni sikukuu ya kumkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum, na mahubiri karibu yote yanaishia palepale: aliambiwa akimbie akagoma, huyo ndo kiongozi. Sawa kabisa. Ila kuna neno huwa linachomekwa humo, kwamba aliyekimbia ni mtu wa mshahara wa Yohana 10, yule anayewaacha kondoo mbwa mwitu akija, hapo ndo mi nashindwa kumeza.

Maana yupo Festo Kivengere, askofu wa Kigezi. Wanajeshi walipopekua nyumba ya Luwum usiku wa 5 Februari 1977 eti wanatafuta silaha, maaskofu walimwandikia Rais Idi Amin barua kali na Kivengere alikuwa mmoja wao. Tarehe 16 wakaitwa Kampala, wengine wakaambiwa nendeni nyumbani, Luwum akabakizwa, akauawa. Serikali ikasema ajali ya gari.

Wanaotetea kubaki wana hoja, tena nzito. Kwenye kanisa kuu la Namirembe, Kampala, kaburi lilishachimbwa, serikali ikagoma kuutoa mwili, ukapelekwa kijijini kwao Mucwini, na Jumapili ile watu wakaja kwa maelfu wakaimba kando ya shimo tupu. Hilo shimo lilimuumbua Amin kuliko hotuba yoyote, na lisingekuwepo kama Luwum angevuka mpaka.

Lakini jamani, siku hizohizo Kivengere na mkewe Mera wanapanda milima ya Kigezi usiku kwa miguu kwenda Rwanda, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, anashika majani asiteleze, nyuma kaacha dayosisi nzima na hajui kama ataiona tena. Huko si kuvumilia? Yesu mwenyewe kwenye Mathayo 10 kasema wakiwafukuza mji huu kimbilieni mwingine, na Paulo aliteremshwa ukutani Dameski ndani ya kapu, mbona yeye hatumwiti mwoga. Kule nje Kivengere hakukaa kulamba vidonda, alizunguka dunia anasimulia kilichotokea na kuchangisha hela za wakimbizi wa Uganda, halafu akihubiri kumsamehe Amin, jambo ambalo wenzake wengi uhamishoni liliwakera vibaya (na mi siwalaumu).

Shida ni pale anayekimbia anapokimbia moja kwa moja, na wapo, tunawajua. Ila Amin alipong'oka 1979, Kivengere alirudi Kabale, kulekule Kigezi, kwa kondoo walewale. Mtu wa mshahara angerudi kufata nini, na nchi yenyewe imeporwa hivyo?