Nani aonyeshe pigo lake kwanza?

Kwenye meza yetu ya Vampire: The Eternal Struggle, mchezo wa karata ambao wachezaji hutuma vampaya wao kutenda na kupigana, huku Njiro, Arusha, kuna pendekezo lililotugawa: wapiganaji wawili wafunike karata zao za mapigo na kuzifunua kwa pamoja, badala ya kufuata kanuni inayomtaka mwenye zamu aonyeshe pigo lake kwanza. Mimi niko upande wa kanuni. Hata hivyo, wanaotaka mabadiliko wana hoja nzito, na kuwajibu kwamba "kitabu ndivyo kinavyosema" ni kuwadharau.

Ubishi ulianza hivi. Vampaya wa mwenye zamu alijaribu kitendo, akazuiwa na vampaya wa mpinzani, pambano likaanza, umbali kati yao ukabaki wa karibu, na papo hapo mwenye zamu akatupa Majesty, pigo linalovunja pambano. Mzuiaji alikuwa na Immortal Grapple mkononi. Karata hiyo huwafunga wote wawili watumie mapigo ya mkono tu katika raundi hiyo, kwa hiyo Majesty isingefaa kitu. Shida ni kwamba huchezwa kabla mapigo hayajachaguliwa. Je, alikuwa amechelewa?

Hakuchelewa. Tangu Richard Garfield alipoubuni mchezo huu, uliotoka mwaka 1994 kwa jina la Jyhad, pambano limekuwa likienda kwa hatua: kwanza umbali, kisha nafasi ya kucheza karata za kabla ya mapigo, ndipo mapigo yachaguliwe na kutekelezwa. Katika kila hatua mwenye zamu hupewa nafasi kwanza. Akipita, inamwendea mpinzani. Mpinzani akicheza kitu, inarudi kwa mwenye zamu. Hatua haifungwi kwa sababu mmoja ana mkono mwepesi. Majesty ilipaswa kurudi mkononi na Immortal Grapple ichezwe. Siri ilikuwa imeshavuja, ni kweli, lakini hasara hiyo ni ya aliyeharakisha.

Hapo ndipo likazaliwa pendekezo la kufunika karata. Wanaolitetea wanasema mwenye zamu anaonewa: anaonyesha pigo lake, mzuiaji analiangalia, halafu anachagua kwa raha zake kama akwepe, apige au avunje pambano. Karata ya kukwepa haipotei bure hata siku moja. Karata zikifunikwa, kila mmoja atalazimika kumsoma mwenzake usoni, na meza itachangamka. Hilo la mwisho silibishi.

Ila tuangalie mzuiaji amelipa nini hadi kufika pale. Ameingia kwenye pambano ambalo angeweza kulikwepa kwa kuacha kitendo kipite. Amefaulu kuzuia, kwa hiyo vampaya wake amefungwa, yaani karata yake imelazwa ubavu, na hawezi kumlinda tena dhidi ya kitendo kinachofuata. Kuliona pigo kabla ya kujibu ndiyo faida anayoipata kwa gharama hiyo. Ukimwondolea, atakayezuia ni nani? Watu wataacha vitendo vipite na akiba zao wenyewe, zile pointi zinazowaweka mchezoni, ziishe. Hata kwenye drafti hakuna anayelalamika kwamba mpinzani ameiona kete yake kabla ya kucheza. Zamu ndivyo zilivyo.

Tena kufunika karata hakuponyi kilichotugombanisha. Aliyeharakisha kutupa Majesty wazi ataharakisha kuiweka ikiwa imefunikwa, na mwenye Immortal Grapple atabaki akilalamika vilevile. Dawa ni kutamka. Umbali ukishajulikana, mwenye zamu aseme "sina kabla ya mapigo," kisha angoje mpinzani naye aseme. Wapo wanaohofia kwamba tutachelewa, na kwa meza ya watu watano yenye ukomo wa saa mbili kama kwenye mashindano, hofu hiyo ina msingi. Lakini maneno manne hayali muda kama ubishi wa robo saa juu ya karata iliyokwisha kuonekana.

Nikitakiwa kukubali jaribio, ningelikubali kwenye mapigo ya ziada peke yake. Hapo pigo la kwanza limeshatekelezwa na mzuiaji ameshapata faida yake ya kuona kabla ya kujibu. Tujaribu hapo kwanza, tuone kama bado watu wanajitokeza kuzuia.