Safari ya skii ipangwe kwa kalenda na upepo

Mtu akianza kupanga safari ya skii, yaani mchezo wa kuteleza kwenye theluji ya milimani, swali la kwanza analouliza karibu kila mara ni kituo fulani kina kilomita ngapi za njia. Naona swali hilo linapotosha watu wengi. Les Trois Vallées, Ufaransa, hujitangaza kwa kilomita 600. Mtelezaji wa kawaida hawezi kuzimaliza kwa wiki moja, na anayejifunza ataishia kwenye miteremko miwili mitatu ya chini. Akinunua tiketi ya eneo zima anazilipia zote hizo, halafu anapanga foleni na wenzake waliovutiwa na idadi ileile.

Kama unachotaka ni theluji nyingi na mlima uliotulia, jiulize kwanza unakwenda wiki gani, kisha mlima huo unaletewa theluji na upepo wa wapi. Mengine yote yafuate.

Tuanze na wiki. Ufaransa imegawanya shule zake katika kanda tatu, na kila kanda ina likizo ya majira ya baridi ya wiki mbili, zikipishana kuanzia Februari hadi mwanzoni mwa Machi. Maana yake, milima ya Alpi ya upande huo hujaa kwa takribani mwezi mzima. Katikati ya Februari Waingereza nao wana likizo yao ya shule, na siku za kati ya Krismasi na Mwaka Mpya zinajulikana. Lakini likizo za Mwaka Mpya zikishaisha, hadi kufikia mwisho wa Januari, milima ileile huwa mitupu na vyumba hushuka bei. Siku ni fupi na baridi ni kali, kweli, ila baridi hiyo ndiyo inayoifanya theluji ibaki kavu na nyepesi. Mimi ningechagua Januari bila kusita. Anayependa jua na siku ndefu asubiri nusu ya pili ya Machi, lakini akubali kwamba mchana theluji italainika na kuwa nzito.

Kuhusu upepo, watu hudhani mlima mrefu ndio wenye theluji nyingi. Urefu huilinda theluji isiyeyuke, lakini hauileti. Kijiji cha Warth, Austria, kiko kwenye mita 1,500 hivi tu, na bado ni miongoni mwa sehemu zenye theluji nyingi kuliko zote katika Alpi, kwa sababu dhoruba zinazotoka kaskazini-magharibi hukutana na milima hiyo mapema na kumwaga mzigo wao hapo. Mabonde yaliyojificha ndani kabisa, yenye vilele virefu kila upande, hupata masalia. Hokkaido, Japani, ni ushahidi mzuri zaidi: kilele cha Niseko Annupuri kina mita 1,308 pekee, lakini hewa baridi ya Siberia ikivuka bahari huchota unyevu na kuushusha pale kama theluji ya unga, wiki baada ya wiki. Kwa hiyo tazama ramani, uone mlima unaelekea wapi na nini kinaukinga. Tazama pia miteremko yenyewe. Katika nchi za kaskazini mwa ikweta, ile inayotazama kaskazini hupata jua kidogo, na theluji yake hudumu muda mrefu baada ya dhoruba kupita.

Jambo jingine ambalo matangazo hayasemi ni kwamba lifti za kasi, yaani viti vinavyoning'inia kwenye waya na kuwapandisha watelezaji mlimani, hujaza njia watu. Lifti ya polepole huleta foleni kidogo chini, lakini huko juu unateleza peke yako. Mad River Glen, jimbo la Vermont, Marekani, ni mali ya ushirika wa watelezaji wenyewe tangu 1995, na lifti yake mashuhuri ingali ina viti vya mtu mmoja mmoja. Naheshimu sana uamuzi huo. Vituo vya namna hii hutegemea zaidi theluji inayoanguka yenyewe kuliko ile ya mashine, kwa hiyo ni busara kuchelewa kuweka nafasi mpaka uone msimu unakwendaje.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mahali tulivu penye theluji nyingi mara nyingi pana barabara moja, na theluji unayoifuata ndiyo inayoifunga. Barabara kati ya Warth na Lech hufungwa wakati wa baridi kwa hofu ya maporomoko ya theluji. Kule Alta, jimbo la Utah, Marekani, barabara ya bondeni hufungwa dhoruba ikizidi, na wakati mwingine wageni huamriwa wasitoke ndani ya majengo mpaka hatari ipite. Basi usipange kushuka mlimani na kupanda ndege siku hiyohiyo. Acha siku moja katikati.

Kabla ya kulipa chochote, hakikisha kituo kina lifti zinazopita kwenye msitu. Theluji ikianguka, eneo la wazi lililo juu zaidi ya msitu hugeuka weupe mtupu, hujui mteremko unaishia wapi, na upepo ukizidi lifti za juu husimamishwa. Kwenye miti unaona, na unaendelea kuteleza. Kituo kidogo kisicho na miti kinaweza kukufungia hotelini siku bora kabisa ya safari yako.

Vifaa kodi hukohuko, ila usiharakishwe kwenye buti. Kisigino kisinyanyuke unapoinama mbele. Kama ni mara yako ya kwanza, lipia mwalimu mapema, kwa maana vituo vidogo vina walimu wachache.

Halafu kuna kishawishi cha kutoka nje ya njia zilizowekewa alama, kwa kuwa theluji ya huko haijaguswa. Ulaya hupima hatari ya maporomoko kwa daraja 1 hadi 5, na daraja la 3 ndilo lenye vifo vingi, kwa sababu watu huliona ni la katikati tu. Aliyefukiwa ana dakika chache sana za kuokolewa. Usitoke bila kiongozi wa milima, na kila mmoja awe na kifaa cha kutuma na kupokea mawimbi ya kumtafuta aliyefukiwa, fimbo ya kuchomekea kwenye theluji na koleo, na awe amejifunza kuvitumia. Soma bima yako kama inalipia helikopta ya uokoaji na kama inakubali uteleze nje ya njia. Italia imeilazimisha bima ya madhara kwa watu wengine kwa kila mtelezaji tangu 2022, na inauzwa pamoja na tiketi ya lifti. Kwingine utaiulizia mwenyewe dirishani.