Gari Jipya, Injini Mbovu na Neno "Subiri"

Gari lenye kilomita 2,300 tu linachemshaje katika mlima wa Kitonga, huku malori yenye shehena ya Zambia yakilipita? Lilipopoa nilifungua mfuniko wa oili, nikakuta povu zito lenye rangi ya chai ya maziwa, na chupa ya akiba ya maji imekauka. Fundi yeyote wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, atakuambia kwamba hapo maji yanaingia kwenye oili, pengine gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia maji na oili visichanganyike, imeungua, na kwamba oili ya namna hiyo hailainishi beringi, hivyo kila kilomita unayoongeza unaimaliza injini.

Wauzaji je? Waliniambia niongeze maji. Niliporudi, wakasema ni baridi ya Mbeya. Baridi! Tangu lini baridi ikachemsha injini? Mara ya tatu wakataka nilipeleke Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, nikipita Kitonga ileile. Mkaguzi yuko safarini, meneja yuko kikaoni, spea iko bandarini, na mimi niko kituoni Uyole saa 12 asubuhi nikigombania daladala, ilhali fedha zangu walizipokea zote kwa siku moja bila kuniambia nisubiri.

Dhamana ya maandishi ninayo, yenye mhuri wao. Nanyi mliowahi kuzungushwa hivi mnanielewa: sitaki kuoshewa gari bure wala soda ya mapokezi. Nataka injini nzima, au fedha zangu.